Darasa la lishe lilianza kuzaa matunda tulipolipeleka jikoni (Makorora, Tanga)

#1 BintiMakorora

Wanajamvi, hamjambo.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Makorora, Tanga mjini. Mwaka wangu wote wa kwanza nilifundisha lishe kwa namna isiyomsaidia mtu, na nimeona niandike yaliyonikuta kwa sababu nikipita mitaa mingine nawakuta wenzangu bado wako pale pale nilipokuwa.

Ilikuwa hivi. Siku ya afya na lishe ya mtaa, ile ya kila miezi mitatu, akina mama wanakusanyika chini ya mwembe. Watoto wanapimwa uzito, wanavishwa utepe wa kupima unene wa mkono, kisha natundika bango. Bango lina mayai, maziwa, kuku, tufaha na zabibu. Nayataja makundi ya chakula moja moja, akina mama wanaitikia kwa sauti moja kama watoto wa chuoni kwa maalim, tunapiga makofi, tunaagana. Miezi mitatu ikipita watoto ni wale wale na rangi ya utepe ni ile ile.

Siku moja mama mmoja alisubiri wenzake waondoke. Ana watoto wanne, mumewe anabeba mizigo sokoni Mgandini siku ikipatikana. Akaniambia, "Dada, yote uliyosema nimeyashika. Sasa mimi hapa nina elfu mbili, na ndani nimeacha unga nusu kilo na nazi moja. Nianzie wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilisoma makundi yote ya chakula lakini hakuna aliyenifundisha elfu mbili inaanzia wapi. Nikamwambia twende gengeni wote.

Tulinunua dagaa mchele, mafungu mawili ya matembele, nyanya na ndimu, chenji ikarudi. Nyumbani kwake dagaa tukawagawa mara mbili. Sehemu ya kwanza wakaungwa kwa nazi, mboga ya nyumba nzima. Sehemu ya pili tukaichagua mawe, tukaiosha kwa maji ya moto, tukaianika juani, halafu tukaikaanga kavu sufuriani mpaka dagaa wakawa wanavunjika kwa vidole. Tukatwanga, tukachekecha. Unga ule ulikuwa wa kitinda mimba wake wa miezi kumi na moja, ambaye asubuhi ile utepe ulisoma sentimita 12.1. Kwa wasioujua utepe: chini ya 11.5 ni nyekundu, huo ni utapiamlo mkali na mtoto anapelekwa kituoni siku hiyo hiyo. Kuanzia 11.5 hadi kabla ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 ni kijani.

Mtoto yule alikuwa anakula uji wa mahindi na sukari mara mbili kwa siku, mwepesi unaonyweka kwa kikombe. Tumbo la mtoto wa umri ule ni dogo kama ngumi yake. Ukilijaza maji yaliyotiwa unga, anashiba na mwili haukupata kitu. Tukasonga uji mzito, ule unaokaa kwenye kijiko ukikiinamisha, tukatia kijiko cha unga wa dagaa na tui kidogo, tukamsagia na matembele machache.

Hapo ndipo akaingia mama mkwe. Aliposikia dagaa kwenye uji wa mtoto akaja juu: "Mtamchoma koo kwa miba!" Nikamwomba atie kidole kwenye unga aulambe. Akalamba. Akakaa kitako, akachukua bakuli, akamlisha mjukuu mwenyewe.

Nimefikiri sana siku ile. Mwaka mzima nilikuwa nikimfundisha mama, na mwenye neno la mwisho juu ya bakuli la mtoto alikuwa bibi, ambaye hakuna hata siku moja tuliyomwita.

Tangu hapo bango nimelikunja. Tunakutana uani kwa mtu, nyumba sita au saba, jiko la mkaa katikati, na kila mmoja anakuja na kile alichokusudia kupika siku hiyo. Sharti letu ni moja: kisichouzwa kwenye genge la mtaa huo hakifundishwi. Mabibi wanakaa mbele.

Lakini kuna mahali nimekwama, na ndiyo sababu ya uzi huu. Vijana. Wasichana wa miaka kumi na tano wanapita uani, wanachukua ndoo ya maji, wanaondoka. Wavulana ndio kabisa hatuwaoni. Na hawa baada ya miaka michache ndio watakuwa akina mama na akina baba wa watoto tutakaowavisha utepe. Wenye uzoefu naomba mnisaidie. Na kama kuna nilipokosea hapo juu, nirekebisheni.


#2 MvuviWaKasera

Dada, hongera. Kuhusu dagaa niongeze jambo ambalo sisi wa majini tunalijua.

Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa hawakusanyiki kwenye taa, vyombo vinapaki. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku za giza ambazo dagaa wanajaa Deepsea na huku Kasera, bei inashuka mpaka unawahurumia wavuvi, na kuna siku za mwezi ambazo dagaa wanakuwa adimu. Mama anayenunua wa mia tano kila siku gengeni analipa bei ya juu siku zote. Wakichanga watu watano wakaja ufukweni alfajiri ya giza, watapata ndoo kwa bei ambayo gengeni hawataiona.

Wachemshe kwanza kwenye maji ya chumvi, muda mfupi tu, ndipo waanike. Waanike juu ya kichanja au wavu. Ukianika chini unapata mchanga, na mchanga ndio unaowafanya watoto wawakatae. Wakikauka vizuri, ukawaweka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, wanakuvusha mpaka giza lingine.

Inaniuma kuona magunia yanapakiwa kwenda mbali, mpaka Congo, na mtoto wa hapa hapa Tanga anakunywa uji wa sukari.


#3 MtuWaBandari

Naomba niseme tofauti na sina nia ya kumvunja mtu moyo. Shida ya watu wetu ni pesa. Mimi ni kibarua, najua siku ya kurudi na elfu tatu na siku ya kurudi mikono mitupu. Unamfundisha mtu kupanga sahani wakati sahani yenyewe haina kitu. Tena mnasahau mkaa. Maharage yanakula mkaa wa siku mbili. Mke wangu haachi kupika maharage kwa kutojua faida yake, anaacha kwa sababu ya kopo la mkaa.


#4 BintiMakorora

Kaka MtuWaBandari, asante. Hilo la mkaa nimelisikia uani kila wiki na una haki.

Pesa ni shida kweli, na sitamwambia mtu mwenye njaa kwamba anakosa elimu. Nyumba ambazo hazina kabisa tunazipeleka kwa mtendaji zitazamwe kwenye orodha ya kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Lakini tazama na upande wa pili. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa nchini. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, karibu nusu ya watoto au zaidi. Hiyo ndiyo mikoa tunayoiita ghala la chakula. Kule mahindi yamejaa vihenge. Mtoto anadumaa pembeni ya gunia, kwa sababu anapewa mahindi matupu, anaharisha mara kwa mara, na mama yuko shambani kutwa. Kwa hiyo pesa peke yake haimalizi, na elimu peke yake haimalizi.

Kuhusu mkaa: maharage na mbaazi kavu tunaloweka tangu usiku, maji ya kulowekea tunamwaga, na muda wa kuiva unapungua sana. Asiyeweza kusubiri anunue choroko au kunde, zinaiva haraka kuliko maharage. Na mbaazi mbichi msimu wake zikifika, ndiyo kabisa. Jaribuni nyumbani uniambie kopo limepungua kiasi gani.


#5 AfisaLishe_Pwani

Mimi ni afisa lishe, sitataja halmashauri. Uzi mzuri sana. Naomba niingie kwenye jambo linalonisumbua kila siku kazini: unga wa lishe.

Mama anaambiwa akitaka mtoto anenepe anunue unga wa lishe. Anakwenda mashineni na mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, wengine mpaka dagaa na mbegu za maboga, vyote vinasagwa pamoja. Jamani, wingi wa nafaka hauongezi lishe. Mahindi, mchele, mtama na ulezi vyote ni kundi moja. Chukua nafaka moja tu, songa uji wako, halafu utajirishe wakati wa kupika: leo karanga, kesho dagaa, keshokutwa yai au maziwa. Kila kimoja kinakaa chombo chake. Ukichanganya vyote, mtoto akiharisha au akipata vipele hujui kilichomdhuru ni kipi. Pia karanga zina mafuta, ukizisaga ukaziweka kwenye unga miezi miwili zinachacha. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini. Lazima ichemshwe ikaushwe, au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, na mashineni hakuna anayekuuliza kama umeikaanga.

Na sumukuvu. Karanga na mahindi vikiota ukungu vina sumu ambayo haitoki kwa kupika wala kukaanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, tupa. Najua inauma kutupa chakula. Usimpe mtoto, na usimpe kuku pia, sumu inapita kwenye yai.

Dada BintiMakorora, hapo kwenye dagaa umefanya vyema. Dagaa anayeliwa mzima, kichwa na mifupa yake, anampa mtoto protini, kalisi, madini ya chuma na zinki kwa pamoja. Ila kwa alichosema MvuviWaKasera niongeze moja tu: dagaa waliochemshwa kwa chumvi nyingi waloweke na uwaoshe kabla ya kukausha kwa ajili ya mtoto. Chini ya mwaka mmoja mtoto hahitaji chumvi ya kuongezwa, na asali pia asipewe kabla ya kutimiza mwaka.


#6 MwanaTongoni

Afisa umetaja chumvi, naomba niulize. Huku kwetu tunatumia chumvi ya mawe ya mashamba ya hapa hapa, bei rahisi. Eti haifai?


#7 AfisaLishe_Pwani

Chumvi ya mashamba ya pwani ikitoka tu bwawani haina madini joto ya kutosha, mpaka iongezwe. Watu wanadhani kwa kuwa inatoka baharini inayo. Madini joto yakikosekana ni tezi la shingo, mimba kuharibika, na mtoto kuzaliwa na akili iliyopungua uwezo, hilo la mwisho halionekani kwa macho mpaka afike shule. Nunua ile yenye alama ya madini joto kwenye pakiti, ihifadhi imefunikwa mbali na jua na unyevu. Na iwe kidogo: mtu mzima kwa siku nzima asizidishe kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na chumvi iliyoko kwenye samaki mkavu na mkate.


#8 Bi_Mkubwa_Pongwe

Ananiandikia mjukuu wangu, mimi nasema yeye anabonyeza.

Wanangu, nimesomewa yote. Nimefurahi yule binti kusema mabibi wakae mbele. Siku zote tukisikia lishe tunasikia tunalaumiwa. Eti sisi ndio tunaharibu watoto.

Sisi tulilea kwa viazi vikuu, mashelisheli, choroko, uduvi wa kutanda wenyewe, mchunga na majani ya kunde. Mlonge ulikuwa ua wa nyumba, unachuma unapika. Mtoto akilia tulimkatia embe. Siku hizi mtoto akilia anapewa mia mbili akanunue biskuti na ile juisi ya unga, na mama yake anaona amempenda. Mlonge umekatwa kujengwa kibanda cha vocha.

Lakini nitasema na letu, nisije nikaonekana najisifu. Tulikatazwa mayai tukiwa wajawazito, tukaambiwa mtoto atazaliwa hana nywele. Nimezaa saba bila kuonja yai. Mkwe wangu amekula mayai mimba yote, nilimkataza hakusikia, na mtoto amezaliwa na nywele mpaka mgongoni. Basi nimeliacha lile. Na dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, tulikuwa tukiyakamua tunayamwaga, tukisema ni machafu yamekaa tumboni miezi tisa. Tukimpa mtoto maji ya sukari mpaka maziwa meupe yashuke. Nesi mmoja mtu mzima ndiye aliyenikalisha akanieleza kwamba ile ndiyo chanjo ya kwanza ya mtoto, na awekwe ziwani ndani ya saa ya kwanza. Alinieleza kwa adabu, ndiyo maana nikamsikia. Wale wasichana wa kliniki moja waliowahi kunifokea mbele ya watu kwamba nimemlisha mjukuu uji akiwa na miezi mitatu, sikuwasikia. Nilirudi nyumbani nikaendelea.


#9 BintiMakorora

Shikamoo bibi. Nimesoma mpaka machozi. Hiyo ya kufokewa naiomba nikaisome kwenye kikao chetu cha wahudumu, bila kutaja kokote, kama utaniruhusu.


#10 Bi_Mkubwa_Pongwe

Marahaba mwanangu. Kaisome.


#11 Msambaa_Mlalo

Nawasalimu kutoka milimani. Kabichi, karoti na mboga zote mnazoziona Mgandini zinashuka kutoka huku Lushoto. Niongeze jambo kwenye kupika maana naona watu wanapoteza faida jikoni.

Magadi. Kisamvu, maharage, mlenda, kila kitu magadi, ili kilainike upesi. Magadi yanaua vitamini, hasa vitamini C na za kundi B. Halafu mchicha unakatwa ndipo unaoshwa, unachemshwa nusu saa, maji ya kijani yanamwagwa. Kilichobaki ni nyuzi. Osha kwanza, kata baadaye, pika dakika chache kwa maji kidogo, mafuta au tui lisikosekane kwa sababu vitamini A ya majani na karoti inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Kisamvu ni habari nyingine: kile lazima kitwangwe na kichemshwe vizuri mfuniko wazi, kina sumu ikiwa kibichi, na kwa mihogo michungu ni hivyo hivyo, isitengenezwe bada (ugali wa muhogo) kabla ya kulowekwa na kukaushwa sawasawa.


#12 Boda_Chumbageni

Mimi ndiye kijana mnayemtafuta. Miaka 22, napaki Chumbageni.

Niwaambie ukweli wa siku yangu. Asubuhi chai ya rangi na chapati mbili. Mchana chipsi kavu, siku nzuri chipsi mayai. Katikati enaji mbili, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, jioni soda. Usiku nikifika nyumbani wali umeshapoa, silagi. Mwaka jana nilipata kizunguzungu nikiwa na abiria barabara ya Pangani, nikajikaza nikapaki. Zahanati wakapima wakasema damu ndogo na presha iko juu kuliko umri wangu. Niliogopa sana.

Kuna ndugu yangu anasoma uuguzi akanipigia hesabu. Soda moja ya mililita 350 ina sukari gramu 35 mpaka 40, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana mtu asizidishe kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Nilikuwa namaliza ya siku mbili au tatu kabla ya magharibi. Akanipigia na ya pesa: enaji mbili na soda kwa siku thelathini. Ile pesa ilikuwa nusu ya kodi ya chumba changu.

Sasa dada, ukituita kwenye mkutano wa lishe hatuji. Tukisikia lishe tunajua ni habari ya wajawazito na watoto wachanga. Wewe njoo kijiweni. Tena usije na daftari. Zungumza na mama lishe anayetuuzia. Yule tunamsikia kuliko daktari. Tulimwomba aongeze mbaazi na mchicha kwenye sahani ya wali, akatuambia mkilipa nitapika. Tukakubaliana watu kumi na wawili tunakula kwake kila siku, akawa na uhakika wa wateja, bei akaiacha pale pale. Juisi ya ukwaju anatutengenezea ya sukari kidogo. Enaji sijaacha kabisa, lakini sasa ni moja siku za safari ndefu.


#13 MwalimuMlezi

Boda umenifundisha. Mimi niko sekondari ya kutwa, mwalimu mlezi wa wasichana. Kila wiki nina msichana anayeanguka mstarini. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, hajala, anakaa mpaka saa tisa na barafu ya ukwaju na kachori mbili. Ada imefutwa tangu 2016, lakini chakula kimebaki ni mchango wa wazazi, na mzazi anasema elimu ni bure. Tukapiga kikao baada ya kikao. Kilichowafungua wazazi ni pale tulipowaomba waje shule saa sita mchana wawatazame watoto wao darasani. Nusu wamelala juu ya madawati. Tukaanza na uji, sasa tuna makande siku tatu kwa wiki.

Wasichana wanapoteza damu kila mwezi, na utafiti wa 2022 ulionyesha wanawake 42 kati ya 100, wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Niliwafundisha jambo moja tu mwaka huu, nikalirudia mpaka likakaa: chai na chakula visikutane. Chai inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani yasiingie mwilini. Kunywa saa moja kabla au baada. Badala yake kamulia ndimu kwenye mchicha, au kula chungwa baada ya kula. Msimu wa machungwa ya Muheza ukifika hakuna kisingizio. Wanafunzi walikwenda wakawafundisha mama zao, nikapigiwa simu na mzazi ananiuliza kwa nini binti yake amekataa chai ya usiku.

Tunapopika, wavulana wanapika pia. Baba mmoja alilalamika. Nikamwomba aje aonje makande aliyopika mwanawe.


#14 Mtanga_Ughaibuni

Mimi wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, sasa niko Marekani. Ninayoyasoma hapa yanafanana na mpango wa huku uitwao EFNEP, wa kufundisha lishe familia za kipato cha chini na vijana. Ulianza 1969, baada ya majaribio Alabama miaka ya 1960, na uko majimbo yote 50 chini ya vyuo vikuu vya umma vilivyoasisiwa kwa ajili ya kilimo. Tusidhani umaskini na lishe mbaya ni vya kwetu tu.

Kilichonivutia ni mwalimu wenyewe. Wengi wanachukuliwa kutoka mitaa ile ile wanayofundisha, mara nyingi akina mama waliopitia shida zile zile. Chuo kinawafunza na kuwasimamia. Wanafundisha mfululizo, wiki baada ya wiki, kwa kupika, kupanga pesa ya chakula, usafi wa chakula na kuushughulisha mwili. Vijana wana darasa lao mbali na wazazi, shuleni au baada ya vipindi.

Na kuna kitu kimoja ningekiiba nikilete Makorora. Siku ya kwanza mama anaulizwa: tangu jana wakati kama huu mpaka sasa umekula nini na kunywa nini? Wanaandika kila kitu. Siku ya mwisho anaulizwa tena. Hapo hakuna kukariri makundi ya chakula, inaonekana kilichobadilika sufuriani.


#15 BintiMakorora

Kaka wa Ngamiani, hilo swali nimelibeba. Wiki hii nimenunua daftari la kaunta, nimeanza na nyumba kumi na nane: "Jana mlikula nini?" Nimejifunza zaidi kwa siku mbili kuliko mwaka wa bango. Nyumba kumi na moja hazikugusa tunda lolote, na tano kati ya hizo zina mpapai au mwembe uani. Matunda yanauzwa, au yanaachiwa watoto wa jirani, kwa sababu tunda halihesabiwi kuwa chakula.

Mmeniuliza inboksi kuhusu yule mtoto. Baada ya kama miezi miwili utepe ulisoma 12.7. Sitasema ni dagaa peke yake. Katikati alitimiza mwaka, akapata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A, na mama yake hakumwachisha ziwa. Bibi yake sasa ndiye anayetwanga dagaa kwa nyumba tatu.

Kwa vijana nimeamua hivi. Sitaita mkutano. Mwalimu, naomba wasichana wako sita wanaoishi Makorora na Mabawa. Boda, naomba wenzako wawili tu. MvuviWaKasera, giza lijalo tunataka kuja ufukweni wote, tununue, tuchemshe na kuanika wenyewe, hesabu ya pesa waishike vijana. Kitakachozidi matumizi ya nyumbani watauza mtaani kwa bei ya chini kuliko genge, pakiti ndogo za unga wa dagaa wa watoto, afisa akitusaidia usafi wake.


#16 MtuWaBandari

Tumeloweka maharage siku tatu hizi. Mkaa umepungua kama nusu. Mke wangu anauliza darasa ni siku gani.


#17 BintiMakorora

Jumanne baada ya alasiri, uani kwa mama mwenye elfu mbili. Shemeji aje na mama mkwe wake kama yuko.


#18 AfisaLishe_Pwani

Nitakuja na mizani na vifaa vya kupima damu kwa wasichana. Kabla ya kuuza pakiti yoyote nataka kuona mnavyokausha. Nyavu safi, mikono imeoshwa kwa sabuni, nzi wasiguse.


#19 Boda_Chumbageni

Tupo wanne, siyo wawili. Ndoo tutabeba sisi, mafuta ya pikipiki tumechanga.


#20 MvuviWaKasera

Mwezi unapungua, giza linaingia wiki ijayo. Njooni kabla ya adhana ya alfajiri, vyombo vinafika muda huo na wachuuzi wakubwa wanawahi. Vichanja viwili nimeshavisafisha, ndoo ya kwanza nawashikia.


#21 Bi_Mkubwa_Pongwe

Mjukuu wangu wa kidato cha tatu anakuja. Mimi magoti hayanipi kushuka ufukweni. Nileteeni mbichi nusu ndoo niwaonyeshe tulivyokuwa tukiwapika na ukwaju.